Wakazi wa Data ya Majaribio: Uhakiki wa Fiksicha za Pamoja katika Programu ya Wavuti ya OpenMRS

Ikisiri

Makala haya yanahakiki fiksicha na visaidizi vya pamoja vya majaribio katika programu za wavuti, kwa kuichukua seti sanifu ya data ya majaribio ya OpenMRS kuwa mfano mkuu. OpenMRS ni programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, na imetumika katika Afrika Mashariki tangu mwaka 2006. Hoja kuu ni kwamba data ya majaribio ni matini inayoweza kusomwa na kuhakikiwa kama matini nyingine, kwa kuwa hubainisha ni binadamu wa aina gani ambao programu imethibitishwa kuwahudumia. Makala yanaonesha manufaa ya fiksicha za pamoja, yanabainisha udhaifu wake wa kimuundo na wa kimaudhui, kisha yanapendekeza hatua kwa watayarishaji wa programu na kwa washauri wa sera katika nchi za ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Kila programu ya wavuti iliyodumu kwa miaka kadhaa huwa na wakazi wake wa kubuni. Wapo wateja ambao hawajawahi kununua kitu, wanafunzi ambao hawajawahi kuketi darasani, na wagonjwa ambao hawajawahi kuugua. Wakazi hawa huishi katika mafaili ya data ya majaribio. Huamshwa kila mara msimbo unapobadilishwa, hufanyiwa shughuli zote ambazo programu imekusudiwa kuzifanya, kisha hufutwa. Iwapo mambo yao yamekwenda sawa, programu huhesabiwa kuwa salama na hupelekwa kwa watu halisi.

Utaratibu huu umejadiliwa sana kwa upande wa ufundi, yaani kasi ya majaribio, unadhifu wa msimbo na urahisi wa matengenezo. Upande wa maudhui haujapewa uzito unaolingana na huo. Ni nani waliomo katika data ya majaribio? Majina yao yana umbo gani? Walizaliwa saa ngapi, na kwa saa za wapi? Maswali haya huonekana madogo pale programu inapouza viatu. Katika programu inayoamua ni mtoto yupi amekwishachanjwa na yupi bado, uzito wake ni mwingine kabisa.

2.0 Fiksicha na Visaidizi: Maana na Kazi

Katika makala haya, fiksicha ni data na hali yote inayoandaliwa kabla ya jaribio kuanza, ili jaribio liwe na mahali pa kusimama. Kisaidizi ni kipande cha msimbo kinachotumiwa na majaribio mengi kuandaa hali hiyo, kuingia katika mfumo kama mtumiaji fulani, au kukagua matokeo. Gerard Meszaros, katika kitabu chake *xUnit Test Patterns* cha mwaka 2007, anagawa jaribio katika awamu nne: kuandaa, kutenda, kuhakiki na kusafisha. Anatofautisha pia fiksicha mpya, inayojengwa upya kwa kila jaribio, na fiksicha ya pamoja, inayotumiwa na majaribio mengi kwa zamu.

Zana maarufu za programu za wavuti zimechukua misimamo tofauti juu ya suala hili. Rails iliwazoesha watumiaji wake kuandika fiksicha katika mafaili ya YAML, ambamo kila rekodi hupewa jina lake. Django huweza kupakia data kutoka mafaili ya JSON, na tangu toleo la 1.8 la mwaka 2015 humruhusu mwandishi kuandaa data mara moja kwa kundi zima la majaribio. Katika pytest, faili liitwalo conftest.py huhifadhi fiksicha zinazopatikana kwa majaribio yote ya folda husika bila kuagizwa, na kila fiksicha hupangiwa muda wake wa kuishi, kuanzia jaribio moja hadi kipindi kizima cha uendeshaji. Pamoja na tofauti hizo, zana zote hizi zinakabili swali lile lile: kipi kiwe mali ya wote, na kipi kiwe mali ya jaribio moja?

3.0 Seti Sanifu ya OpenMRS

OpenMRS ilianzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Regenstrief Institute na Partners In Health. Ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na mwaka huo huo ikaanza kutumika Rwanda. Mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa juu yake. Kwa hiyo, msimbo wa kiini chake ni urithi wa ukanda huu kwa maana halisi, hata kama sehemu kubwa yake iliandikwa kwingine.

Majaribio mengi ya kiini hicho hurithi msingi mmoja unaoitwa BaseContextSensitiveTest. Msingi huu huunda kanzidata ndogo katika kumbukumbu ya kompyuta, huingiza data za awali, kisha hupakia faili liitwalo standardTestDataset.xml na kumwingiza mtumiaji katika mfumo. Kila jaribio huendeshwa ndani ya muamala unaobatilishwa mwishoni, hivyo kwamba jaribio moja halimwachii jingine uchafu wake. Jaribio linalohitaji data ya ziada huita kisaidizi cha kupakia faili lake lenyewe juu ya seti sanifu.

Mpangilio huu unastahili sifa. Mwandishi mpya wa moduli, awe Kampala au Kigali, haanzi kwa kubuni jedwali la wagonjwa, jedwali la ziara na jedwali la vipimo. Anakuta kijiji kamili kikimngoja. Majaribio ya moduli mbili zilizoandikwa na watu wasiojuana yanaweza kuelewana, kwa sababu yote yanawazungumzia wagonjwa wale wale. Zaidi ya hayo, wagonjwa hao ni wa kubuni tangu mwanzo, jambo ambalo sehemu ya saba ya makala haya inaonesha thamani yake.

Seti hiyo pia ina sura yake ya kifasihi. Mgonjwa mashuhuri kuliko wote ndani yake ni Horatio Hornblower, nahodha wa kubuni katika riwaya za baharini za mwandishi Mwingereza C. S. Forester. Miongoni mwa majirani zake wamo wenye majina ya ukoo kama Chebaskwony na Oloo, majina ambayo msomaji wa Kenya huyatambua mara moja. Vituo vya tiba vina majina ya mzaha kama Xanadu, lakini miongoni mwa dhana za kitabibu yamo mambo mazito kama hesabu ya CD4, uzito kwa kilo, msaada wa chakula, na mchanganyiko wa dawa za stavudine, lamivudine na nevirapine. Msomaji makini anaweza kuitambua historia humo: mikono ya waandishi wa kimataifa wenye utani, kliniki za UKIMWI za magharibi mwa Kenya, na dawa za miaka ile. Fiksicha imehifadhi kumbukumbu ya mahali na wakati ilipozaliwa.

4.0 Mgeni Asiyejulikana na Nyumba Isiyogusika

Udhaifu wa kwanza ni wa kimuundo. Majaribio mengi ya OpenMRS humwita mgonjwa kwa namba yake tu, kwa mfano mgonjwa namba 2, kisha hudai kwamba ana idadi fulani ya ziara au vipimo. Anayelisoma jaribio hawezi kujua kwa nini idadi iwe hiyo na si nyingine mpaka afungue faili la XML na kuzifuata namba kutoka jedwali hadi jedwali. Hali hii ndiyo Meszaros anayoiita mgeni asiyejulikana: jaribio linategemea kitu kisichoonekana ndani yake. Katika lugha ya uhakiki, matini hii ina kiwakilishi kisicho na kirejelewa.

Udhaifu wa pili unazaliwa na wa kwanza. Kwa kuwa majaribio mengi yanaitegemea rekodi moja kwa sababu tofauti ambazo hazikuandikwa popote, hakuna anayethubutu kuibadilisha. Mtu akimwongezea mgonjwa namba 2 ziara moja ili jaribio lake lifaulu, jaribio la mtu mwingine lililohesabu ziara zote huanguka, nalo huenda limo katika moduli ambayo mwandishi wa kwanza hajawahi kuiona. Watu hujifunza kutoigusa seti. Kila mwenye haja mpya huongeza rekodi pembeni au huandika faili jipya. Seti hukua bila kurekebishwa, kama nyumba ya urithi ambayo kila ndugu huongeza chumba, lakini hakuna anayekubali ukuta wa zamani uvunjwe.

Udhaifu wa tatu ni tofauti kati ya uwanja wa majaribio na uwanja wa kazi. Kanzidata ya majaribio inayoishi katika kumbukumbu, kwa kawaida H2, haifanani kwa kila hali na MySQL inayotumika hospitalini. Katika mipangilio ya kawaida, MySQL huona jina lililoandikwa kwa herufi kubwa na lile lililoandikwa kwa herufi ndogo kuwa sawa, ilhali H2 huyaona kuwa tofauti. Jaribio la kutafuta jina linaweza kufaulu katika uwanja mmoja na kutoa jibu jingine katika uwanja wa pili, ingawa msimbo ni ule ule. Visaidizi vya pamoja vikiificha tofauti hii kwa nia njema ya kurahisisha kazi, mwandishi hawezi kuikumbuka.

5.0 Wanaosahaulika

Udhaifu wa maudhui ni mgumu zaidi kuuona, kwa sababu unahusu kisichokuwamo. Sehemu hii haimhukumu OpenMRS peke yake. Inaeleza aina nne za wakazi ambao fiksicha yoyote ya pamoja, kwa programu inayowahudumia watu wa ukanda huu, inapaswa kuwa nao.

Wa kwanza ni mapacha. Kwa Wasukuma, na kwa Watanzania wengi kupitia kwao, mapacha huitwa Kulwa na Doto. Kwa Waganda, wavulana huitwa Wasswa na Kato, na wasichana Babirye na Nakato. Mapacha wana mama mmoja, anwani moja, tarehe moja ya kuzaliwa, aghalabu jinsia moja, na majina yanayotofautiana kwa neno moja. OpenMRS ina huduma ya kutafuta wagonjwa wanaofanana na huduma ya kuunganisha rekodi zao ziwe moja. Kwa macho ya msimbo unaotafuta ufanano, Kulwa na Doto ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Karani mwenye haraka akikubali pendekezo la mfumo, chanjo za mmoja huhesabiwa kuwa za mwingine, na rekodi moja huwekwa kando kama batili. Mahali pa kulizuia kosa hili ni katika jaribio, kabla ya mtoto yeyote halisi kufika kliniki.

Wa pili ni watu ambao majina yao hayafuati utaratibu wa jina la kwanza na jina la ukoo. Tanzania, mtu kwa kawaida huandikwa kwa jina lake, la baba na la babu. Neema Juma Salehe ni binti wa Juma Salehe Hamisi. Ukichukua jina la tatu kuwa la ukoo, baba na binti hawana undugu. Rwanda na Burundi, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa. Msimbo unaokusanya kaya kwa jina la mwisho hufaulu vizuri sana katika fiksicha iliyojaa akina Hornblower, kisha huitawanya familia ya Bujumbura bila kutoa onyo lolote.

Wa tatu ni wenye ng' katika majina yao. Alama hii, ambayo othografia ya Kiswahili huitumia kutofautisha ng'ombe na ngoma, hupatikana pia katika majina kama Ng'ang'a. Kibodi ya kompyuta huandika ritifaa iliyonyooka. Baadhi ya simu huibadilisha kuwa iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ni alama moja, kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Mgonjwa aliyeandikishwa kwa kompyuta ya mapokezi huenda asipatikane na muuguzi anayemtafuta kwa simu, mpaka msimbo ufundishwe kuzihesabu alama hizo kuwa moja. Fiksicha yenye jina moja la aina hii katika kila umbo ingetosha kulifichua tatizo.

Wa nne ni waliozaliwa usiku. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa zilizotangulia saa za dunia kwa saa 3. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hutangulia kwa saa 2. Mtoto aliyezaliwa Mombasa saa saba na nusu usiku, yaani 01:30, amezaliwa saa 22:30 ya siku iliyotangulia kwa mujibu wa seva inayohesabu kwa saa za dunia. Siku ya kuzaliwa ikichukuliwa kutoka seva hiyo, umri wa mtoto hukosewa kwa siku moja, na ratiba ya chanjo ya wiki ya 6 husogea pamoja nao. Visaidizi vingi vya majaribio huigandisha saa ili matokeo yasibadilike, na huenda vikaigandisha mchana. Saa iliyogandishwa mchana haiwezi kamwe kulifichua kosa la usiku wa manane. Juu ya hayo kuna saa za Kiswahili zenyewe: anayesema saa moja asubuhi anamaanisha 07:00, na fomu isiyolijua hilo hupokea 01:00 kwa utulivu kabisa.

Pamoja na hao wako watu wazima ambao tarehe zao za kuzaliwa hazijulikani. OpenMRS yenyewe inawatambua, kwa kuwa rekodi ya mtu ina sehemu ya kuonesha kwamba tarehe ni ya kukadiria. Hapa panaonekana kwamba muundo wa data unaweza kuwa na hekima kuliko majaribio yake. Sehemu hiyo haina maana iwapo hakuna jaribio linalouliza orodha ya wazee inasomeka vipi pale wengi wao wanapopewa tarehe 1 Januari.

6.0 Namna ya Kujenga Upya

Kuifuta fiksicha ya pamoja na kuijenga data yote upya kwa kila jaribio ni jibu linalovutia, lakini lina gharama. Programu kubwa ina maelfu ya majaribio. Yakichukua muda mrefu, watu huacha kuyaendesha, na jaribio lisiloendeshwa halimlindi mtu. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limo katika kutenganisha aina mbili za data ambazo seti sanifu imezichanganya.

Aina ya kwanza ni data tulivu: dhana za kitabibu, aina za vitambulisho, majukumu ya watumiaji. Hizi hazibadilishwi na majaribio, hivyo zinaweza kupakiwa mara moja na kutumiwa na wote. Aina ya pili ni watu na matukio yao. Hawa wajengwe na jaribio lenyewe kupitia visaidizi vyenye majina yanayosema jambo, kwa mfano kisaidizi cha kujenga mapacha wa wiki 6, au mzee mwenye tarehe ya kukadiria. Kisaidizi hujaza mambo yasiyohusika, na jaribio hutaja yale tu ambayo madai yake yanayategemea. Msomaji hahitaji tena kumtafuta mgonjwa namba 2. Sababu ya matokeo iko mbele yake, katika mistari ile ile.

Kuna pingamizi la pili, kwamba mambo ya Kulwa na Doto ni ya nchi husika, na mahali pake ni katika moduli za nchi badala ya kiini. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Namba za vitambulisho vya taifa na mpangilio wa mikoa ni mambo ya nchi. Mapacha huzaliwa kila mahali, usiku wa manane hufika kila mahali, na ritifaa imo pia katika majina ya Kiayalandi na ya Kifaransa. Kinachoitwa cha kienyeji mara nyingi ni cha watu wote, ila kimeonwa kwanza na wale kinaowaumiza zaidi.

7.0 Suala la Sera

Fiksicha isiyo na watu wanaofanana na wagonjwa halisi huzaa kishawishi kibaya: kunakili wagonjwa halisi. Mtayarishaji aliyechoka na kosa lisilojirudia katika data za kubuni huomba nakala ya kanzidata ya hospitali, hufuta majina, kisha huiweka miongoni mwa mafaili ya majaribio. Kufuta majina hakutoshi. Katika kata yenye watu wachache, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuanza dawa vinaweza kumtambulisha mtu kwa jirani yake. Tena, ghala la msimbo huhifadhi historia. Faili lililofutwa leo bado linasomeka katika toleo la jana, na kila aliyelinakili ghala anayo nakala.

Nchi za ukanda zimekwishatunga sheria za ulinzi wa data binafsi: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Taarifa za afya hupewa ulinzi wa pekee katika sheria hizo. Ukaguzi wa utekelezaji, hata hivyo, huelekea kutazama seva za kazi na fomu za ridhaa. Folda ya majaribio haina budi kuingizwa katika orodha ya mambo ya kukaguliwa.

Kutokana na hayo, hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, mikataba ya serikali ya kununua au kutengeneza programu za wavuti idai kukabidhiwa majaribio na data zake pamoja na msimbo, na idai maelezo ya asili ya data hizo. Pili, wizara na vyuo vikuu vya nchi jirani viandae kwa pamoja orodha huria ya wakazi wa kubuni wa ukanda huu: mapacha, wenye majina matatu, wenye ng', waliozaliwa usiku mpakani, wazee wa tarehe za kukadiria. Orodha iandikwe kwa namna isiyofungwa na zana moja, ili Rails, Django na Java ziweze kuisoma. Tatu, wataalamu wa Kiswahili washirikishwe katika kazi hiyo. Maarifa ya majina, othografia na saa ni maarifa ya lugha, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ni jukwaa lililo tayari kwa mashauriano kama hayo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameisoma seti sanifu ya OpenMRS kama matini na kuonesha kwamba nguvu yake na udhaifu wake vina chanzo kimoja: kutumiwa na wote. Imewapa waandishi wa nchi nyingi kijiji cha pamoja, na imewalinda wagonjwa halisi kwa kutumia wa kubuni. Hata hivyo, wakazi wake huitwa kwa namba zisizojieleza, na kuwarekebisha kumekuwa kugumu kwa sababu tegemezi zao hazionekani. Kutenganisha data tulivu na watu, kuvipa visaidizi majina yanayosema jambo, na kuwaingiza wakazi wa ukanda huu katika fiksicha ni kazi zinazoweza kuanza kwa majaribio machache bila kuvunja yaliyopo. Jaribio la kwanza linaloweza kuandikwa ni la kuunganisha rekodi: Kulwa na Doto waandikishwe siku moja, mmoja achanjwe, kisha mfumo uulizwe ni nani bado.